Nilikuwamo Botini, Mama

Kwa mama yangu Bi Hidaya, Kisiwa Panza, Pemba.
Kutoka kwa mwanao Riziki, Maskati.

Assalaam alaykum, mama. Shikamoo. Mkono wako naubusu kutoka huku huku, hata kama kwa sasa hutaki kunipa. Vipi kifua? Kile kikohozi cha asubuhi kimepungua, au bado kinakuamsha kabla ya adhana? Na goti lako je? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, sina homa. Ila moyo wangu umechafuka, na sitakuficha: nakuandikia nikiwa na hasira.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mara ya mwisho ulipopokea ulisema, "Mie sina mtoto wa kunipita mlangoni na kunigeuzia uso," kisha ukakata. Tangu hapo napiga inaita mpaka inachoka. Basi nimempa barua hii Bi Salma wa Chake Chake, ambaye amemaliza kazi yake huku na anarudi kwao. Ameniahidi ataileta mpaka mkononi mwako. Najua macho yako hayawezi tena herufi ndogo, kwa hivyo mwite Mwalimu Asha akusomee. Asisome Faki. Mama, nakuomba kwa haki ya maziwa yako, Faki asiishike barua hii mpaka isomwe yote. Utaona kwa nini.

Umeambiwa kwamba nilikuja Kisiwa Panza na matajiri wangu, nikakaa kwenye boti kama bibi harusi, nikakataa kushuka kuja kukuona. Nusu yake ni kweli. Nilikuja. Nilikuwamo botini. Niliuona mnazi wetu ulioinama na paa la jiko lako likitoa moshi. Kukataa kushuka, huo ni uongo, na aliyekwambia anajua kuwa ni uongo kwa sababu ameutunga mwenyewe. Sasa nisikilize tangu mwanzo.

Unamjua Bi Nawal kwa jina, mwenye nyumba ninayofanya kazi, mama wa yule mtoto Yusra ninayemlea. Bibi yake mzaa mama alizaliwa Chake Chake, akaondoka akiwa msichana, na ndiyo maana Bi Nawal anakijua Kiswahili. Siku zote alikuwa akisema anataka kuiona nchi ya bibi yake. Siku moja akaniambia, "Funga nguo za mtoto, tunakwenda Pemba." Nikamuuliza, "Nitapata ruhusa nikamuone mama?" Akasema, "Tutaona." Hilo "tutaona" ndilo lililonifunga mdomo nisikupigie. Nilisema nikikwambia nakuja, utapika, utafagia, utakaa kizingitini unanisubiri, halafu nisije. Nikanyamaza.

Tukafika. Hoteli waliyofikia iko mbali na kwetu, na laini yangu ya huku haikushika. Siku ya kwanza tulikwenda Chake Chake kuitafuta nyumba aliyozaliwa yule bibi. Imebaki kuta mbili na mti wa mkomamanga. Bi Nawal alishika ukuta akalia mpaka mumewe akamshika mabega. Nami nikalia, nikasema moyoni, mtu anayelia hivi kwa ajili ya ukuta hawezi kuninyima mama aliye hai. Nilijidanganya.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya matembezi ya baharini. Siku nzima, boti yao peke yao, asiingie mtu mwengine. Asubuhi kuogelea na miwani kuangalia samaki, kupiga kasia mitumbwi ya plastiki na kusimama juu ya vile vibao vya majini. Baadae kulala kivulini kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu na kukandwa mafuta. Halafu utamaduni, na mwisho picha kwenye fungu la mchanga. Mhudumu wa hoteli alipokuwa akimweleza Bi Nawal, nikasikia: "Utamaduni ni Kisiwa Panza, mtakula kwa bibi mmoja wa kijijini." Chombo cha maziwa ya mtoto kikanidondoka. Nikamwambia Bi Nawal palepale, "Bibi, Kisiwa Panza ndiko kwetu. Ndiko aliko mama yangu." Akanitazama, akasema, "Kweli? Tutamuuliza muongozaji."

Basi tukashuka gatini. Mimi nimevaa ile sare yangu ya buluu, mtoto begani, mkoba wa nepi mkononi. Na muongozaji aliyesimama pale, shati jeupe, miwani ya jua kichwani, alikuwa Faki.

Mama, moyo wangu uliruka, maana nilijua anaongoza wageni lakini sikujua wa hoteli ipi. Ndugu yangu niliyemuacha bado hajaota ndevu, leo mwanamme kamili. Nikacheka peke yangu. Nikangoja anione, apige ukelele. Akaniona. Nakuapia akaniona vizuri, kwa sababu tabasamu lilimkatika, kisha likarudi jengine la hoteli. Akainamisha kichwa akasema, "Karibuni sana, wageni wetu," akaupokea mkoba wangu kama anavyopokea wa mtu yeyote.

Nilidhani anafanya mzaha. Tulipokuwa tunapanda nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Faki, ndo mie."

Akasema bila kunitazama, "Nyamaza, dada. Baadae."

"Nipe simu basi nimwambie mama."

"Nimesema baadae."

Nikasema moyoni labda kazi yao ina masharti, labda wamekatazwa kuchanganya jamaa na wageni. Nilimtetea, mama. Asubuhi nzima nilikuwa wakili wake. Wao wanaogelea, Bwana anaanguka kwenye kibao na kucheka, Bi Nawal anapigwa picha na samaki, na Faki anawashika mikono anawafundisha. Anajua kazi, hilo siwezi kumnyima. Mimi nimekaa na Yusra kivulini chini ya turubali, nangoja hiyo baadae. Kila akipita karibu yangu kuchukua taulo, namtazama, naye anatazama bahari.

Tulipofika kwenye kile kisiwa cha kupumzikia, wenzake wakatandika magodoro chini ya miti ya mikandaa, wakaanza kuwakanda wageni mabega. Nikamkuta Faki nyuma ya mwamba anaosha miwani ya kuogelea. Nikamuuliza, "Una nini na mimi? Nimekukosea wapi?"

Akasema, "Hujanikosea. Unamuona yule nahodha? Yule ni Nahodha Omar wa Kengeja. Ami yake Salha, mchumba wangu."

"Kwa hiyo?"

"Nimewaambia wewe ni muuguzi. Kwamba uko hospitali kubwa Maskati." Akaniangalia sare, akaangalia mkoba wa nepi. "Usiniaibishe, dada. Leo tu."

Mama, nimefua nguo za watu, nimekosha vyoo, nimeamka na mtoto wa mtu anayeota meno kuliko mamaake mwenyewe, na sijapata kuona aibu. Siku ile nilitiwa aibu na ndugu yangu wa tumbo moja. Skuli aliyosoma, hicho Kiingereza anachowachekea wageni, vimetoka katika mikono hii hii anayoogopa isionekane. Nilisema moyoni tutafika nyumbani, nitashuka, nitamuona mama, na yeye atajijua na wakwe zake.

Tukafika kwetu. Maji yamekupwa, boti haikuweza kusogea. Ikatia nanga kwenye mkondo, na wageni wakawa wanashushwa kwa mtumbwi mpaka pwani. Yusra alikuwa kalala kifuani pangu. Nikasimama naye. Bi Nawal akasema, "Hapana, wewe kaa. Jua kali, na akiamka atalia, tutashindwa kula." Nikamwambia, "Bibi, nilikwambia hapa ndipo kwetu." Akasema, "Ngoja nimuulize muongozaji, nikimpata mama yako nitakuitia." Wakaenda. Nikabaki na mtoto na nahodha.

Nikamuomba nahodha anishikie mtoto nivuke. Akasema, "Mwanangu, mtoto wa wageni mie siwezi kumshika. Likitokea lolote nitajibu nini?" Nilimuona ana haki. Na mkondo ule unaujua mwenyewe, mtu hauvuki na mtoto mkononi.

Basi nikakaa, nikaangalia moshi wa jiko lako. Ndipo akatokea shangazi Bi Time, anaokota chaza. Akainua kichwa, akaweka kiganja juu ya macho. Akaita, "Riziki! Ndo weye Riziki?" Nikainuka, nikapunga mkono, nikaita, "Ndo mie, shangazi! Mwite mama! Mwambie mama aje pwani!" Mtoto akashtuka akaanza kupiga kelele, na upepo ulikuwa unatoka kwake unakuja kwangu. Nilimsikia mimi, sijui yeye alisikia nini. Faki alikuwa anarudi na mtumbwi kuchukua maji ya kunywa ya wageni. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Siye, shangazi. Mgeni huyo. Muarabu hasa. Macho yako hayo."

Bi Time akasimama kidogo. Kisha akainama akaendelea na chaza zake.

Nikamwita Faki kwa jina lake, kwa sauti. Akachukua maji, akageuza mtumbwi, akaenda zake.

Wakarudi wageni wameshiba, wanacheka. Wamechezewa ngoma ya msewe, Bwana naye kafungwa njuga za miguu. Bi Nawal kabeba mkeka mpya wa rangi na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akanipa bakuli, akasema, "Onja, nimekuwekea. Huyu bibi ana mkono!" Nikafunua. Muhogo wa nazi na pweza. Nikatia kidole kimoja mdomoni, na ile pilipili mbichi unayoipasua kati bila kuikata ikanigusa. Nikajua mkono huo ni wako.

Naye akaendelea kusimulia, huku nahodha anang'oa nanga na kutia moto mashine. "Bi Hidaya, anaitwa. Mcheshi! Aliposikia tunatoka Maskati akanishika mikono yote miwili. Anasema ana binti yake huko kwetu, eti nikimuona nimsalimie. Nikamwambia Maskati kubwa, bibi! Akacheka. Akaniombea dua, mimi na mtoto wangu. Anasema anayemtunza mwanawe, na Mungu amtunzie wake."

Mama, nisamehe kwa nilichofanya hapo, lakini sikijutii. Niliweka bakuli chini, nikasimama mbele yao nikasema, "Bi Nawal, binti huyo ni mimi."

Nikamgeukia Faki, nikamwambia kwa Kipemba chetu nahodha asikie kila neno: "Na weye ulikuwepo. Mamaako anamshika mgeni mikono ampelekee salamu mwanawe, na mwanawe yumo botini, na weye umesimama unatazama! Ungemwambia neno moja tu. Yuko pwani, mama. Basi. Lingekung'oa meno?"

Bi Nawal akamuuliza, "Mnajuana?"

Na Faki, mama, mbele ya mashahidi wote wale, akasema, "Hapana, madam."

Nikasema, "Ni ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Na huyo bibi mliyekula kwake ni mama yetu sote wawili." Ulikuwa ukinisimulia kwamba wageni wakija Faki anakuita bibi na si mama, na ukicheka kwamba siku hizi ana heshima za hoteli. Sasa unajua heshima hizo ni za nini.

Bi Nawal uso ulimpanda damu. Akasema, "Mimi nilimuuliza! Kwenye mtumbwi nilimuuliza, mlezi wangu ni wa hapa, unawajua watu wake? Akasema hawajui, pengine wamehamia Unguja."

Nahodha Omar akapunguza mashine. Akamuuliza Bi Nawal, "Nigeuze, bibi? Bado tupo karibu."

Nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni. Nilikuwa nimeshafika nyumbani kwa moyo wangu. Bi Nawal akatazama jua, akamtazama mumewe. Mumewe akasema kwa Kiarabu kwamba bado fungu la mchanga, na jua likizama picha hazitatoka, na kesho alfajiri tuna ndege. Bi Nawal akanishika mkono. "Mwakani nitakuleta, Riziki. Wallahi nitakuleta. Leo tumechelewa."

Tumechelewa! Na kwenye fungu tukakaa mpaka jua likaingia maji. Wakaruka, wakashikana mikono, wakapigana picha, na mimi nikaambiwa niwashikie simu niwapige wote watatu. Niliwapiga. Sijui hizo picha zilitokaje.

Tangu siku hiyo siyaamini tena machozi yake ya Chake Chake. Amenishika mkono vizuri, amenisemesha vizuri, na hasira niliyonayo kwake ni kwa sababu hiyo hiyo. Angenitukana ningejua pa kumuweka. Tuliporudi huku akautundika mkeka wako ukutani sebuleni, mahali pa kupokea wageni, akawa anawaambia wenzake, "Huu nimepewa na mama yake Riziki," kana kwamba alikuja kukutembelea kwa ajili yangu. Siku ya tatu nilipanda kiti nikauteremsha, nikautandika chumbani kwangu. Ndio ninaoswalia. Alipouliza uko wapi nikamwambia, "Mama yangu hakusuka mkeka wa ukutani." Jioni yake nikamwambia tena kwamba mkataba wangu ukimalizika sitii saini mwengine, amtafutie Yusra mtu. Mtoto nampenda, hana kosa. Lakini nimechoka kulea wa watu huku wa kwangu wananikana.

Faki nilimpigia. Mara ya kwanza akakata. Mara ya pili akanipandishia sauti, eti nimemharibia posa, Nahodha Omar kawaambia watu wa Kengeja kila kitu, na babaake Salha anasema mwanamme anayemkana dadaake leo, kesho atamkana mke. Nikamuuliza, "Na mama umemwambia nini?" Nikamng'ang'ania mpaka akasema. Ndipo nikajua. Bi Time alirudi nyumbani akashikilia kwamba kaniona, na Faki alipobanwa akageuza: ndiyo, ni yeye, lakini alikataa kushuka, amekuwa bibi mkubwa, hatutaki tena. Akakupa wewe, mama, jeraha hilo ulale nalo, ili yeye asionekane muongo.

Sitaki umfukuze. Ni mwanao, na kikohozi kikikushika usiku yeye ndiye aliye karibu. Lakini sitaki umfunike pia. Nataka ukae naye, na shangazi Bi Time awepo, na Faki aseme kwa mdomo wake kwamba nilitaka kushuka na kwamba yeye alinizuia. Kama atakataa, mtume mtu Kengeja kwa Nahodha Omar. Yule mzee hakunijua, lakini tuliporudi gatini alinibebea mkoba mwenyewe mpaka juu, akaniambia, "Mwanangu, leo nimeona haya mimi." Muulize alichosikia.

Bi Time msalimie sana, mwambie macho yake ni mazima kuliko ya vijana wote wa kisiwa kile, na asikubali tena mtu kumwambia vyengine. Msalimie mwalimu wetu wa chuo, aliyenifundisha juzuu ya kwanza. Mkewe mgonjwa je, amepata nafuu? Msalimie jirani mkata makumbi na wanawe. Mdogo wetu Mwanaisha mwambie viatu vya skuli nimevipata, viko kwa Bi Salma na barua hii. Yule Salha wa Kengeja simjui, ila ukikutana naye mpe salamu zangu, umwambie sikutaka posa yake ivunjike. Akitaka kuolewa na Faki aolewe, lakini ajue wifi yake ni yaya, na wifi mwenyewe haoni haya.

Na wewe, mama, hasira yangu kwako ni moja tu, na nitaisema kwa adabu kisha niiache. Uliamini. Miaka yote hii hujapata kunisikia nikikuinulia sauti, na uliambiwa neno moja juu yangu ukaliamini mpaka ukanifungia simu. Hilo limeniuma kuliko yote. Nakula chumvi ya watu huku, lakini mimi ni yule yule uliyemfunga kanga ya kwanza.

Mwalimu Asha akimaliza kukusomea, mwambie akuonyeshe namba yangu kwenye simu. Ijumaa baada ya swala nitapiga. Nitukane ukitaka, lia ukitaka, nami nitalia. Lakini pokea.

Wako wa tumboni,
Riziki